Kiti Alichopewa Mama Masinde

Nangila alikuwa mtu wa kuangalia. Shule aliiachia darasa la sita huko Kimilili, na kusoma gazeti kulimchukua muda, lakini watu aliwasoma haraka. Miaka mingi ya kuuza sweta za mitumba katika soko la Kibuye, Kisumu, ilikuwa imemfundisha. Mteja akishika sweta kwa vidole viwili, hanunui. Akiinusa, atanunua lakini atakusumbua. Akiirudisha na kuondoka akitazama chini, huyo ameshanunua moyoni, subiri azunguke tu. Wenzake wa safu ile ya sweta walizoea kumwuliza, "Mama Masinde, huyu ananunua ama ananipotezea wakati?" Naye hujibu bila kuinua kichwa.

Lakini mtu aliyemwangalia yeye kuliko wote alikuwa mwanawe, Masinde. Tangu baba yake Masinde azikwe, Nangila alibaki na huyo mmoja, na wasiwasi wake, ambao ungewatosha watoto tisa, ukamwangukia huyo mmoja wote. Akikohoa, alimsikia. Akichelewa, alikuwa mlangoni. Kijana alikuwa ameshafika miaka ishirini na minane na ndevu zake, lakini mama bado alijua ameshiba au anajifanya.

Masinde aliendesha tuktuk ya Mbugua. Mbugua alikuwa muuza mabati na misumari, mtu wa tumbo na vicheko, mwenye tuktuk nne zilizopakwa rangi ya kijani kibichi ili azione popote mjini; ya Masinde ilikuwa Nambari Tatu. Kila jioni dereva alirudisha tuktuk getini kwake ikiwa imeoshwa hadi chini ya viti. Mwaka mmoja Masinde alilazwa na malaria, na aliporudi alikuta tuktuk yake imepewa mtu mwingine. Alikaa mwezi mzima bila kazi. Alipoenda kubembeleza, Mbugua alimwambia mbele ya wenzake, "Nilikuwa naifundisha hiyo malaria adabu. Siku nyingine itauliza ruhusa kabla ya kukushika." Watu walicheka. Masinde hakucheka wala hakukasirika. Alisimama tu.

Kusimama ndiko alikojulikana nako. Alipotahiriwa, nyumbani Kimilili, asubuhi ile ya Agosti yenye baridi na matope ya mtoni mwilini, alisimama mbele ya kisu bila kupepesa, na wajomba zake walisema hawajaona uso kama ule kwa muda mrefu. Nangila hakuona. Kwao mama hatazami. Alikaa ndani ya nyumba, mlango umefungwa, amenyoosha miguu mkekani, mikono mapajani, na shangazi yake akamwonya, "Ukitikisika wewe, atatikisika yeye." Hakutikisika. Alikaa hivyo mpaka aliposikia filimbi na vifijo nje, ndipo akaanguka ubavu na kulia.

Tangu siku ile uso wa Masinde haukusema kitu tena. Ungemwambia ameshinda nyumba au kwamba nyumba yake inaungua, angekutazama vilevile. Watu wote waliamini hivyo. Nangila peke yake alijua kwamba kile kilichofukuzwa usoni kilihamia miguuni. Masinde akiogopa au akidanganya, vidole vyake vya miguu hujikunja kama vinashika tawi. Akiwa na furaha hulegea na kutandazika. Na kwa kuwa alivaa sandali mwaka mzima, kwa ajili ya joto la Kisumu, mama yake alimsoma kutoka chini kila siku. Hakumwambia kamwe. Mtu akijua unamsomea wapi, atapafunika.

Poka, ule mchezo wa karata na dau, Masinde alijifunza kwa simu, akingoja abiria. Baadaye akaanza kucheza Jumapili na wafanyabiashara kwenye ukumbi wa hoteli moja karibu na ziwa, na mwaka huo wafanyabiashara hao wakatangaza mashindano makubwa. Mshindi angepewa tuktuk mpya, bado ina karatasi za plastiki kwenye viti. Masinde akapita michujo yote. Siku aliporudi na habari kwamba ameingia siku ya mwisho, vidole vyake vilikuwa vimetandazika hadi vikatoka nje ya sandali.

Usiku huo alimwaga maharagwe mezani akamweleza mama yake mchezo. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Kisha karata tano zinafunuliwa katikati, za wote, na kila mmoja anaunganisha zake na hizo.

"Kabla ya karata kugawiwa," alisema, "kuna kitu lazima uweke mezani, kwa zamu. Kinaitwa blaindi. Hata kama hujaona kitu. Na kila muda ukipita kinapandishwa."

"Kama ushuru wa soko."

"Kama ushuru wa soko, Mama. Ukikaa tu bila kuuza, ushuru unakumaliza."

"Sasa ukibakiwa na kidogo?"

Masinde alisogeza maharagwe machache upande wake na kuacha kilima upande wa pili.

"Hapo ndipo kuna kazi. Ukibakiwa na kitu kama blaindi kumi, hakuna tena kuonjaonja. Kungoja karata nzuri ni kufa polepole. Unachagua wakati, unasukuma zote. Na uwe wa kwanza kusukuma, usiwe wa kufuata. Ukisukuma wa kwanza, swali linabaki kwa mwenzako: afuate, au atupe karata zake akuachie kilichopo mezani."

"Na kama karata zako ni takataka?"

"Yeye hajui kama ni takataka."

"Atajuaje?"

"Hawezi. Labda aone usoni."

Hapo wote wawili walicheka, kwa sababu ya uso wenyewe.

Jumamosi ya mashindano, Masinde alipiga shati pasi, akafunga sandali, akasimama mlangoni.

"Mama, usije. Kaa tu nyumbani. Kaa kama ile siku."

"Ile siku gani?"

"Unajua."

Alijua. Alitandika mkeka, akanyoosha miguu, akaweka mikono mapajani. Mwanzoni alikaa vizuri. Kisha akasikia tuktuk ikipita barabarani, na nyingine, na kila moja ikawa kama inamwuliza. Wakati wa kisu, wanaume walikuwa nje wanamlinda. Leo nje kulikuwa na nani? Mbugua naye alikuwa anacheza, na alikuwa ameapa mbele ya madereva wake kwamba hatakubali mmoja wao awe tajiri. "Akiwa na yake, nani ataniendeshea Nambari Tatu? Mimi na hili tumbo?" Nangila akainuka. Akafunga kitambaa kipya kichwani, cha bluu, akatoka.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, na tuktuk mpya iliegeshwa chini mlangoni ikiwa imefungwa utepe kama bibi harusi. Nangila alipanda akasimama nyuma ya watu, karibu na mlango. Waliobaki mezani walikuwa watatu. Mbugua, amekaa na milima ya vile vipande vya plastiki ambavyo Masinde aliviita chipsi, ingawa Nangila hakukubali kukiita hivyo kitu kisicholiwa. Ochieng, muuza samaki. Na Masinde, amempa mama yake mgongo, mbele yake chipsi zake zimepangwa kama vibanda viwili vifupi. Msichana aliyegawa karata, Lorna, alikuwa na kucha nyekundu na mikono isiyotulia.

Ochieng hakukaa sana. Alisukuma zote, Mbugua akamfuata, na Mbugua akashinda.

"Omera, ndugu yangu, mimi narudi kwa samaki," Ochieng alisema, akivaa kofia. "Samaki akifa anabaki amekufa."

"Niwekee mbuta mkubwa," Mbugua alimjibu. "Leo nina wageni. Nasherehekea gari."

Wakabaki wawili. Lorna alitangaza kwamba blaindi imepandishwa. Nangila alipima vibanda vya mwanawe kwa macho, kama anavyopima bunda la sweta, akaona kwamba amefika pale pa maharagwe. Kumi, labda na kidogo. Sasa ni kusukuma.

Alitazama chini ya meza. Vidole vilijikunja kwa nguvu. Takataka, akawaza, ana takataka. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye fundo la kitambaa, kando ya sikio, ukalikamata. Masinde akasukuma zote.

Mbugua alitazama uso wa dereva wake kwa muda mrefu. Hakukuwa na kitu huko. Akatupa karata zake. "Chukua. Nimekupa ya chai."

Baada ya michezo michache vidole vikajikunja tena, mkono wa Nangila ukakamata fundo tena, Masinde akasukuma zote tena. Mbugua akatupa tena, na mara hii hakutania. Vibanda vya Masinde vilianza kuinuka. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Huyu dereva atamla bosi wake leo," na watu wakasogea mbele, na waliposogea, nafasi ikafunguka na Nangila akabaki wazi mlangoni, mkono bado uko kwenye fundo.

Mbugua alimwona. Kwanza alimtazama kama mtu anayemtazama mtu tu. Kisha akatazama mkono. Naye alikuwa mtu wa duka, na mtu wa duka pia huangalia.

"Mama Masinde," alisema, akainuka na tumbo lake lote. "Umesimama huko kama mgeni? Hapana. Hapana, hiyo ni aibu kwangu." Alibeba kiti mwenyewe, akazunguka meza, akakiweka nyuma ya Masinde, hatua chache, upande wa kulia kidogo. Akakisogeza. Akakisogeza tena. "Kaa hapa, Mama. Kaa mahali naweza kukuona."

Masinde aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu Agosti ile, Nangila aliona kitu kikipita usoni mwake, kikapotea.

"Mama," alisema, na hakuongeza neno.

Angeongeza nini? Mwana hawezi kumfukuza mama yake mbele ya watu. Na Nangila naye angefanya nini? Kukataa kiti ulicholetewa kwa mikono na mwajiri wa mwanao ni kumtukana, na tusi hilo angelilipia Masinde Jumatatu. Akasema asante. Akakaa. Mtu akamletea soda, akaishika bila kunywa.

Kutoka pale kitini aliona miguu vizuri zaidi. Alijikaza asifanye kitu. Aliweka mikono mapajani, kama ile siku, akajiambia usitikisike. Lakini ile siku mlango ulikuwa umefungwa. Macho yaliyo wazi hayawezi kuuacha mwili utulie.

Lorna aligawa. Masinde aliinua pembe za karata zake akazirudisha. Vidole vya miguu, ambavyo vilikuwa vimejikunja kwa muda, vililegea, kimoja baada ya kingine, vikatandazika kama vya mtu aliye kitandani kwake. Nangila alishusha pumzi. Mabega yalishuka nayo, na mkono, ambao ulikuwa umepanda tena hadi kwenye fundo bila yeye kujua, ukaanguka mapajani.

Masinde hakusukuma zote. Aliweka kidogo tu, kwa uvivu, kama mtu aliyechoka, ili amvute mwenzake aingie. Mbugua alikuwa akiongeza dau kila mara tangu Ochieng atoke. Aliinua karata zake, akazitazama kwa furaha. Kisha akatazama juu ya bega la Masinde.

"Ai, mimi nimeogopa," akasema, akatupa karata zake. "Leo Masinde ana kitu."

Lorna akakusanya. Masinde alipata blaindi ile moja tu. Kichwa chake kiliinama kidogo sana, na watu hawakuona.

Kuanzia hapo mchezo ulikuwa kama mtu anayesukuma mlango unaofungwa kwa upande wa pili. Masinde alipokuwa na karata nzuri, Mbugua alijitoa. Alipokuwa na mbaya, Mbugua alimwongezea dau hadi akaziacha. Mbugua alikuwa amefurahi. Alimtania Lorna kuhusu kucha. Alimwagizia Nangila soda nyingine. "Mama, kunywa. Usiwe na wasiwasi, huyu ni kijana wako, anajua kusimama." Blaindi ikapandishwa tena. Vibanda vya Masinde vikarudi kuwa viwili, kisha kimoja na nusu.

Nangila alihesabu. Nane. Ngoja kidogo, akamwombea moyoni, ngoja upate moja nzuri. Kisha akakumbuka maharagwe, kwamba kungoja ni kufa polepole, akabadilisha ombi. Sukuma. Kisha hakujua tena aombe nini.

Lorna aligawa. Masinde aliinua pembe za karata, akakaa. Alikaa muda mrefu kuliko kawaida. Feni ya dari ilisikika ikigonga. Vidole vya miguu vilijikunja mpaka kucha zikawa nyeupe, mpaka sandali ya kushoto ikainuka kisigino.

Masinde akasukuma zote.

Nangila hakujua kwamba mkono umepanda. Alihisi tu fundo la kitambaa ndani ya kiganja, limelowa jasho.

Mbugua hakutazama uso wa Masinde kabisa. Hakuhangaika nao. Alitazama juu ya bega lake, akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayesalimiana na mama wa watu kanisani. Kisha akasogeza vyake katikati.

"Tuone."

Masinde alifunua nane na saba. Watu waliguna. Mbugua alifunua malkia na tano. Mguno wa pili ukawa mkubwa kuliko wa kwanza. Mtu mmoja akasema, "Bwana Mbugua, kwa hiyo tu unafuata? Malkia na tano?"

"Nilisikia tu mwilini," Mbugua akajibu.

Lorna alifunua za katikati. Mfalme, tatu, mbili. Hakuna. Kumi. Hakuna. Nne. Meza haikumsaidia mtu yeyote, na kwa kuwa haikumsaidia mtu yeyote, malkia yule mmoja aliyekaa peke yake mbele ya Mbugua alitosha. Lorna akasukuma kilima chote kwake kwa kucha zake nyekundu.

Masinde alisimama, akampa Mbugua mkono. Uso wake haukuwa na kitu. Watu walimsifu kwa hilo, wakampiga mabegani, wakasema mwanamume ni huyu.

Chini, Mbugua alikata utepe, akapigwa picha, akapewa funguo. Akazitazama, akazirusha. Masinde akazidaka.

"Niendeshee nyumbani," Mbugua alisema. "Mimi na hili tumbo hatuwezi. Mama, panda. Leo hulipi."

Walipanda. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na tuktuk ilinuka plastiki mpya. Mbugua alikaa nyuma karibu na Nangila, akajaza kiti. Walipopita mzunguko wa kwanza alianza kucheka mwenyewe.

"Masinde."

"Bosi."

"Ule mchezo uliweka kidogo kidogo, nikajitoa. Ulikuwa na A mbili, zile kubwa kuliko zote, sivyo?"

Masinde alibadilisha gia. "Ndio."

"Mimi nilikuwa na wafalme wawili. Siku nyingine yoyote ungenimaliza hapo hapo." Alimgeukia Nangila, akamgusa goti kwa heshima. "Mama, unajua nani amenishindia hiki chombo? Ni hicho kitambaa chako cha bluu. Ukikishika, kijana hana kitu. Ukikiachilia, nakimbia. Uso wake ni ukuta, nikasema basi, nisome mlango." Alicheka hadi akakohoa. "Mwezi ujao tunacheza tena. Uwe unakuja, Mama. Kiti chako kipo."

Nangila alitazama mbele, chini, kwenye breki. Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa vimejikunja juu ya chuma, na havikukunjuka hata tuktuk ilipokuwa inakwenda tu kwenye barabara iliyonyooka.

Getini, Mbugua aliagiza ioshwe kwanza, ingawa ilikuwa bado haijaingia vumbi. Masinde akaiosha hadi chini ya viti. Nangila alimngoja nje. Walitembea hadi nyumbani, Nangila akapika, wakala, akakusanya sahani. Maharagwe ya usiku ule yalikuwa bado kwenye bakuli dirishani.

"Mama," Masinde alisema mwishoni. "Pale ulikuwa unaangalia nini? Karata zangu hukuweza kuziona."

Angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganya wateja maelfu kuhusu sweta zilizotoboka. Lakini mtoto alikuwa amemtazama machoni, na hakumwonea hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Miguu yako," alisema. "Vidole. Ukiogopa unavikunja. Tangu Agosti ile ya kisu."

Masinde alitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. Akaitikia kwa kichwa, polepole, akaenda kulala.

Jumatatu asubuhi Masinde alitoka mapema, kabla ya chai, kwenda kuchukua Nambari Tatu. Nangila alisimama mlangoni kumwangalia, kama kila siku. Uso wa kijana ulikuwa uleule. Akamwambia, "Kazi njema, baba," naye akajibu, "Asante, Mama." Kisha macho ya mama yakashuka chini, kutafuta, na hayakupata kitu. Masinde alikuwa amevaa soksi, na juu ya soksi vile viatu vyeusi vya ngozi alivyovaa siku ya kumzika baba yake, vimefungwa kamba hadi juu.

Siku hiyo kulikuwa na joto la kuyeyusha lami. Na siku iliyofuata pia. Hakuvivua tena mbele yake.